Chaki kabla ya mkasi: kukata kitabu pepe wimbo kwa wimbo

Mama katibu wa kwaya aliingia katika chumba changu cha kuchapia, hapa komini ya Kenya (mtaa, si nchi) mjini Lubumbashi, akaweka simu juu ya meza bila hata kukaa. "Mutoto yangu, angalia. Hii kitabu iko nalala mu simu. Padri anataja wimbo, sisi tuko natafuta tu, wengine wamesha maliza kuple ya kwanza." Kuple ndiyo ubeti.

Kitabu chenyewe kilikuwa mkusanyo wa nyimbo 184 za kwaya yao, walizotunga wenyewe kwa miaka mingi. Vijana watatu walikuwa wameunakili kutoka daftari kuingiza kwenye Word, kila mmoja kwa mtindo wake, kisha mtu akaugeuza kuwa EPUB, aina ya faili ya vitabu pepe, na kuusambaza kwa WhatsApp. Ukikifungua, simu inafikiri kwanza. Ukitafuta wimbo wa 140, unapeleka kidole juu, chini, juu, mpaka unachoka. Orodha ya yaliyomo haikuwa na wimbo hata mmoja.

Naandika hapa jinsi tulivyokikata. Nyimbo ni mfano wangu tu. Silabasi ya chuo, riwaya au kitabu cha mafundisho hukatwa vilevile. Ila nianze na kile kinachowaangusha wengi: fundi cherehani hashiki mkasi kabla ya chaki. Kukata faili ni kubonyeza kitufe kimoja. Jasho lote liko kwenye kuchora mistari, yaani kuifahamisha kompyuta kichwa cha sura ni kipi na maneno ya kawaida ni yapi.

Vifaa

Programu ni mbili, zote za bure. Sigil, iliyoanza mwaka 2009, kazi yake ni moja tu: kuhariri faili za EPUB. Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, ni ghala la vitabu, mashine ya kugeuza faili, na ndani yake mna kihariri pia. Mimi hukata kwa Sigil, Calibre nikaiachia mengine.

Calibre ni nzito, zaidi ya megabaiti 100, kwa hiyo usimalize mega zako kama kuna rafiki anayo tayari. Mpelekee flashi. Na kama mashine yako ni ya zamani ya biti 32, usipoteze muda na matoleo mapya: kuanzia toleo la 6 la mwaka 2022 Calibre haikubali tena mashine hizo. Tafuta 5.44, ndilo la mwisho linalozifaa.

Kompyuta nyingi za hapa kwetu zinasema Kifaransa, nyingine Kiingereza, na majina ya menyu yanabadilika kwa kila lugha. Kwa hiyo pale inapowezekana nitataja vitufe vya kibodi, maana hivyo havibadiliki.

Kabla ya kugusa chochote, nakili kitabu mara mbili. Moja iite nyimbo-asili, usiifungue kamwe. Nyingine nyimbo-kazi, hiyo ndiyo ya kuumia. Na kila ukimaliza jambo, Ctrl+S. Anayefanya kazi kwenye kompyuta ya mezani bila betri, kwa umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, hahitaji kuelezwa zaidi.

Fungua tumbo la kitabu

EPUB ni kifurushi cha zip kilichovaa jina lingine. Chukua nakala, badilisha .epub iwe .zip, ifungue, utaona yaliyomo: faili za maandishi za XHTML, faili ya mitindo ya CSS, picha, faili moja ya OPF inayotaja kila kilichomo na mpangilio wa kusoma, na faili ya orodha ya yaliyomo, ambayo katika EPUB 2 huitwa toc.ncx na katika EPUB 3 huitwa nav. Ukifungua kitabu kwa Sigil, hayo yote yanajipanga kwenye orodha ya upande wa kushoto, bila kufungua zip yoyote.

Orodha ya kitabu cha Mama ilinionyesha ugonjwa mara moja. Maandishi yalikuwa katika faili tatu: index_split_000.html, index_split_001.html, index_split_002.html. Ukiona majina hayo, ujue Calibre imepita hapo. Kwa kawaida hukata mbele ya kila kichwa cha ngazi ya h1 (kikubwa) au h2 (kilicho chini yake). Isipopata kichwa, hukata kwa uzito: faili ikizidi kilobaiti 260 inagawanywa, kwa sababu baadhi ya programu za kusomea hushindwa na faili kubwa. Vijana wetu hawakuweka vichwa. Waliongeza tu ukubwa wa herufi na kuzikoleza. Kwa jicho la binadamu ni kichwa. Kwa Calibre ni aya kama nyingine. Basi ikakata kama muuza nyama anayetazama mizani bila kutazama kiungo. Kiitikio cha wimbo wa 61 kilibaki faili moja, ubeti wake wa pili ukaanguka faili nyingine. Na kwa kuwa programu za kusomea huanza kila faili kwenye ukurasa mpya, katikati ya wimbo mnatokea nusu ukurasa mtupu. Waimbaji walidhani wimbo umekwisha, wakakaa.

Kama faili ya Word bado ipo na kitabu si kirefu, kuna njia fupi kuliko yote nitakayoeleza: irudie humo, kila kichwa ukipe mtindo wa Titre 1 au Titre 2 (Heading kwa Kiingereza), ndipo ugeuze upya kwa Calibre. Itakata yenyewe na kuandika orodha ya yaliyomo. Sisi Word haikuwepo tena. Flashi ilikwenda na kijana mmoja Kolwezi.

Kwanza, unganisha

Inashangaza, lakini kukata huanza na kuunganisha. Katika orodha ya kushoto chagua faili zote za maandishi zilizokatwa vibaya, bofya kulia, ziunganishe kuwa moja. Jalada usiliguse, wala faili ya nav kama ipo. Sasa una faili moja ndefu, nzito, mbaya. Ndiyo unayoitaka.

Chaki

Tazama msimbo wa kichwa kimoja. Kwetu kilikuwa hivi:

<p class="block_3">WIMBO 12. Njoni nyote</p>

Tunataka kiwe hivi:

<h2>WIMBO 12. Njoni nyote</h2>

Kwa mkono mara 184 ni adhabu. Bonyeza Ctrl+F, chagua hali ya Regex kwenye kidirisha cha kutafuta. Hali hiyo haitafuti neno, inatafuta umbo. Mahali pa kutafuta andika:

<p class="block_3">(WIMBO \d+.*?)</p>

na mahali pa kubadilisha:

<h2>\1</h2>

Alama ya \d+ ni tarakimu yoyote, moja au zaidi. Ile .*? humeza kila kinachofuata mpaka ikutane na </p> ya kwanza. Mabano hushika kilichopatikana mkononi, na \1 hukirudisha bila kubadilisha herufi. Jina la darasa, hiyo block_3, litakuwa tofauti kwenye kitabu chako; soma msimbo wako, usinakili wangu.

Usibonyeze kubadilisha zote. Bonyeza kwanza kitufe cha kuhesabu. Kwetu kilijibu 171. Daftari lina nyimbo 184, basi nyimbo 13 zimejificha wapi? Badilisha mbili tatu moja moja, ukiridhika badilisha zote, halafu uwinde waliobaki.

Uwindaji una njia mbili. Ya kwanza: tafuta <p class="block_3"> peke yake. Vichwa vilivyokubali vimeshakuwa h2, kwa hiyo kinachobaki na darasa hilo ni kile kilichoandikwa vibaya. Hapo nilipata "WIMBO34" bila nafasi, nikapata "WIBO 88", na nikapata nyimbo nne ambazo namba 1 ilikuwa si namba, ni herufi l. Aliyezichapa lazima alifundishwa na mtu wa zamani wa mashine ya taipu, ambako kitufe cha 1 mara nyingine hakikuwepo kabisa. Njia ya pili ni kwa vichwa vilivyovaa darasa jingine, maana kijana wa tatu alipenda herufi kubwa zaidi. Tafuta:

(?i)<p[^>]*>\s*wim

Ile (?i) hupuuza herufi kubwa na ndogo, na <p[^>]*> hukubali aya yoyote hata ikivaa darasa gani. Hapa nenda polepole, moja moja, kwa sababu utakutana na mistari kama "Wimbo huu huimbwa kwa kushangilia", ambayo si kichwa. Ukiifanya h2, nayo itakatwa iwe sura.

Nilihesabu tena, safari hii nikitafuta <h2>. Jibu: 184. Nikafurahi, nikahifadhi, nikanywa chai. Tutarudi kwenye furaha hiyo.

Kama kitabu chako kina migawanyo mikubwa, tuseme nyimbo za Noeli, za Kwaresima, za mazishi, vipe vichwa vya migawanyo h1 na vya ndani h2. Usichague ngazi kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Ukubwa hurekebishwa kwenye CSS. Ngazi ni ukoo: nani baba, nani mtoto.

Mkasi

Kama sura zako ni chache, weka kishale mbele kabisa ya <h2> na ubonyeze Ctrl+Enter. Sigil hukata hapo hapo, na sehemu ya head ya faili ya zamani, pamoja na kiungo cha CSS, hunakiliwa kwenye mpya. Sura kumi unazimaliza kabla maji hayajachemka.

Kwa nyingi, panda alama za kukatia kwanza. Ctrl+Shift+Enter huweka moja mahali ulipo, lakini Regex inaweza kuzipanda zote. Tafuta:

(<h2)

badilisha kwa:

<hr class="sigil_split_marker" />\1

Halafu F6. Faili moja ndefu inageuka faili 184 na ushee, na ukiwa hujawahi kuona utadhani umeharibu kitu.

Mtego mmoja. Vitabu vingine vimefunikwa na <div> moja, yaani kisanduku cha msimbo, inayofunguka juu kabisa na kufungwa mwisho. Ukikata, kipande cha kwanza kinabaki na mlango wa kuingilia, cha mwisho na wa kutokea, na vya katikati havina chochote; mtindo uliotoka kwenye div hiyo unapotea. Iondoe kabla ya kukata, ya juu na ya chini, na mtindo wake uhamishie kwenye body katika CSS. Mtego mwingine mdogo: kama hakuna kitu kabla ya kichwa cha kwanza, utapata faili tupu mwanzoni. Ifute.

Asiyeipenda Sigil anaweza kufanya hayo hayo kwenye kihariri cha Calibre: bofya kulia ndani ya maandishi ya faili, chagua kugawanya mahali pengi, kisha andika njia ya XPath, yaani anwani ya vichwa ndani ya msimbo:

//h:h2

Inatosha. Calibre pia huweka kituo cha kurudia kabla ya kazi kubwa kama hizo, kwa hiyo ukikosea unarudi nyuma. Ila vituo hivyo huishi wakati kihariri kiko wazi tu. Umeme ukikatika, vimekwenda.

Majina, lugha, orodha

Faili mpya hupewa majina ya ovyo. Chagua zote za nyimbo, bofya kulia, zipe jina la kuanzia wimbo001.xhtml, Sigil huendelea yenyewe 002, 003, na kurekebisha viungo vyote. Usiweke nafasi wala herufi zenye alama za Kifaransa kwenye majina. Sifuri za mbele ni za lazima, la sivyo kuna programu zitakazopanga 10 kabla ya 2.

Kwa kuwa sasa kila wimbo una faili yake, kila faili inaweza kutaja lugha yake kwenye tagi ya html. Kwaya hii huimba Kiswahili, Kifaransa, Kibemba na Tshiluba. Faili za Kifaransa nimezipa fr, Kibemba bem, Tshiluba lua. Kiswahili kina sw, na wengi hawajui kwamba Kiswahili cha Kongo kimepewa alama yake ya kimataifa, swc. Niliitamani. Lakini simu zinazosoma kwa sauti ziliielewa sw tu, nikarudi huko.

Orodha ya yaliyomo ni Ctrl+T. Sigil inaokota vichwa vyote na kukuonyesha kabla ya kuandika. Usivyovitaka unaviondolea tiki. Kichwa kikiwa kirefu mno, kipe sifa ya title yenye maneno machache ndani ya tagi ya h2, na orodha itatumia hayo huku ukurasa ukibaki na kichwa kizima.

Kisha F7, ukaguzi wa msimbo. Ikilalamika, itakutajia faili na mstari. Baada ya hapo peleka kitabu kwenye simu, na kama unaweza, simu mbaya kuliko zote nyumbani. Mimi nilitumia ya mdogo wangu yenye kioo kilichopasuka. Kitabu kilifunguka papo hapo, kwa sababu sasa simu inabeba wimbo mmoja kwa wakati, haibebi theluthi ya kitabu kwa mkupuo. Gusa mstari wa kwanza wa orodha, wa mwisho, na wa katikati. Kama kitabu chako kina tanbihi, gusa namba kadhaa uone zinakwenda na kurudi. Sigil hurekebisha viungo inapokata, lakini macho yako ndiyo ya mwisho.

Kutoa vitabu vidogo ndani ya kikubwa

Kwaya haiimbi nyimbo 184 kwa Misa moja. Ndani ya Calibre unaweza kuongeza programu-jalizi iitwayo EpubSplit: unachagua kitabu, inakuonyesha sehemu zake zote, unatia alama tano au sita, inazifanya kitabu kipya na kile cha asili kinabaki kizima. Kila Jumamosi jioni Mama hunitumia namba, nami humrudishia faili ndogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Hilo lisingewezekana na zile faili tatu za mwanzo, kwa sababu EpubSplit hufuata mipaka ya faili na ya orodha ya yaliyomo. Inategemea mikato uliyokwisha kufanya.

Vitabu ulivyonunua dukani vikiwa vimefungwa kwa kufuli ya kidijitali Sigil haivifungui, na mimi sivigusi. Na PDF ni habari nyingine: mara nyingi haina sura wala aya ndani yake, ina kurasa tu. Ukitaka kugawanya PDF, gawanya kwa kurasa, usiigeuze EPUB ukitegemea miujiza.

Wimbo wa 97

Jumapili ya kwanza, kabla Misa haijaisha, simu yangu ililia. "Mutoto yangu, 97 iko wapi?"

Haikuwepo. Aliyenakili alikuwa ameruka ukurasa mzima wa daftari. Na hesabu yangu ya 184 ilikubali kwa bahati mbaya, kwa sababu wimbo wa 112 ulichapwa mara mbili, na vijana wawili tofauti. Kosa moja lilifunika jingine. Ningesoma orodha ya yaliyomo kwa macho, mstari kwa mstari, ningeona 96 inafuatwa na 98 kwa dakika tatu. Sikusoma. Niliamini kitufe cha kuhesabu.

Kurekebisha kulikuwa hivi. Nilifungua zile 112 mbili kando kwa kando: ya pili ilikuwa na ubeti wa nne ambao ya kwanza haina. Nikampigia Mama, akasema ubeti huo ni halali, basi nikafuta ya kwanza, iliyokuwa wimbo111.xhtml. Sasa faili kutoka wimbo097 hadi wimbo110 zilibeba nyimbo za 98 hadi 111, namba moja nyuma. Kuanzia 112 kwenda mbele zilikuwa sawa. Nikazichagua hizo 14, nikazipa kwanza jina la muda, muda001, ili majina mapya yasigongane na ya zamani, kisha nikazipa jina la kuanzia wimbo098.xhtml. Nikaongeza faili tupu baada ya wimbo096, nikaiita wimbo097.xhtml, nikaandika humo wimbo ambao Mama alinisomea kwa simu huku akiuimba, maana daftari lilikuwa kwa mwalimu wa kwaya, huko mtaa wa Katuba. Ctrl+T tena, F7 tena, Ctrl+S. Nyimbo nyingine 183 sikuzigusa hata herufi.